Nusu ya Mkeka

Mwaka ule sheria ya kuruhusu wanaume kuoana ilipopita, mwanangu Mthokozisi alifunga ndoa na Lwandle. Wiki iliyofuata watu wa Lwandle wakaja kwetu KwaThema na mikeka, mito na mablanketi, kama wafanyavyo watu wa bibi harusi kuutunza ukoo wa bwana harusi. Nani awe bibi harusi kati ya wanaume wawili, hilo walikwisha kulimaliza wenyewe. "Mama yangu ameshanunua mikeka," alisema Lwandle, "basi ni mimi."

Kilichonikosesha raha ni wifi yangu Hlengiwe, kitinda mimba kwa kina marehemu mume wangu. Alipozaliwa walisema ni mvulana. Tangu ujana anaishi kama mwanamke. Enzi za hofu, kabla ya sheria, vijana kama mwanangu walikuwa wakikutana kwenye saluni yake. Polisi walipovunja mlango, mwenye gauni ndiye aliyebebwa kwanza. Hata hivyo, siku ya maandamano ya kwanza ya kudai haki zao mjini, baadhi ya vijana hao hao walimwambia akae nyuma, asije akapigwa picha za gazeti.

"Nyuma nimekaa sana, wanangu," akawajibu, akashika bango la mbele akiwa na viatu vyake vya visigino. Mthokozisi akashika upande wa pili.

Leo je, angeitwa upande upi kupokea zawadi? Kwetu wanaume hukabidhiwa blanketi tu. Wanawake wa ukoo hulala mkekani, wakafunikwa, wakapigiwa vigelegele. Na mwita majina ni shemeji yangu Phakamile, mkubwa wa ukoo.

"Ataitwa pamoja na wanaume, au asiitwe," alisema. "Sitaki vituko mbele ya wageni."

"Shemeji, wageni wenyewe wamekuja kumwozesha kijana wao kwa kijana wetu. Kituko gani kimebaki?"

"Hilo la sheria. Hili la ukoo."

Hlengiwe alikuwa jikoni akimenya viazi, alisikia yote. Akavua aproni, akaikunja vizuri. Nikajua anaondoka.

"Wifi, usiende."

"Nimeandamana vya kutosha, wifi yangu. Leo nilitaka kulala tu."

Nikaomba kimoyomoyo, kama ninavyoomba kila Alhamisi na kina mama wa kanisa. Mara nikaitwa, wa kwanza, mama wa bwana harusi. Nikalala. Wakanifunika, wakashangilia. Mtu akishafunikwa huinuka akacheza, aitwe mwingine. Mimi sikuinuka.

"Mama Mthokozisi, amka!" akaita Phakamile.

"Siamki. Mkeka mpana huu. Nusu ni ya wifi yangu."

"Mjane mzima, mtu wa kanisa, unanitia aibu!"

"Kanisani ndiko nilikofundishwa kusogea ili mwenzangu apate pa kukaa. Na blanketi hili lina joto, shemeji. Hata Jumatatu mtanikuta hapa hapa."

Watu wakacheka. Mama yake Lwandle akasogea. "Huyo wifi ndiye Shangazi Hlengiwe? Mkeka wake uko garini, na shali yake. Sisi tunangoja mwenye ukoo amwite."

Phakamile akatazama wageni, akanitazama mimi pale chini, akamtazama Hlengiwe aliyesimama mlangoni na mkoba begani. Akakohoa.

"Hlengiwe, binti wa nyumba hii! Njoo upesi, kabla mjane huyu hajaota mizizi."

Vigelegele nilivyosikia hapo sikuvisikia hata kwenye harusi yangu. Akaja, akauweka mkoba chini, akalala ubavuni mwangu. Mthokozisi akatuvutia blanketi hadi kidevuni.

"Sasa viazi anamenya nani?" Hlengiwe akaninong'oneza.

"Kaka yako," nikamwambia. "Sogea kidogo, wifi."