Kibali cha Kumwoa Atieno

Baba yake Atieno alikamatwa kwa sababu ya fomu ya Mhoja ya kuomba kibali cha kumwoa Atieno.

Mhoja alikuwa polisi mjini Mwanza, konstebo wa mwaka wa tano. Kituoni kwake askari haoi mpaka mkuu atoe kibali, na kibali hakitoki mpaka mchumba achunguzwe: ni nani, wazazi wake wanakaa wapi, wanakula kwa kazi gani. Mhoja ni mtoto wa mkulima wa Misungwi, hakuzoea kudanganya kwenye karatasi. Alijaza yote. Mchumba: Atieno Odero, muuza samaki, soko la Mwaloni, Kirumba. Baba: Mzee Odero, mvuvi, Igombe.

Hakujua kwamba mzee anavua kwa kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta mpaka ufukweni, ambao serikali ilikuwa imeupiga marufuku kwa kuwa unazoa hata samaki wachanga. Atieno alijua. Hakumwambia, maana polisi ni polisi hata akikupenda.

Sajenti Venant alitumwa Igombe na askari mwenzake, wote wamevaa kiraia. Wakamwambia mzee, "Tumetoka kwa Mhoja. Tumekuja kuifahamu familia."

Mzee Odero akasikia kile ambacho baba yeyote mwenye binti angesikia: washenga wamefika. Akachinja jogoo. Walipokwisha kula wakamuuliza anaishije pale. Sasa, mzee anayeposewa binti hajitangazi kuwa maskini, ng'ombe wa mahari watapungua. Aliwazungusha nyuma ya nyumba, akafunua turubai lililofunika kokoro.

"Mita mia mbili," akasema. "Vijana kumi na wawili wanalivuta. Magari ya viwanda vya minofu yanasimama hapa hapa. Mwambieni Mhoja, Atieno hajatoka kwenye nyumba ya njaa."

Yule askari aliyefuatana na Venant akatoa daftari, akaandika.

Mchana uliofuata Mhoja alikuwa kaunta mzee alipoletwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako walikula mapaja yote mawili."

"Hawakuwa washenga, baba."

"Nimeshaelewa. Wamechelewa kuniambia."

Mhoja akamwomba avue viatu na mkanda, kwa kuwa ndiyo kazi ya kaunta. Mzee hakuwa na mkanda, alikuwa na kamba ya wavu. Akaifungua, akaiweka mezani, akaingia mahabusu ameshika suruali kwa mkono.

Atieno alikuja bado ana magamba ya samaki kwenye khanga.

"Umetuma watu kwetu."

"Nilipeleka fomu tu."

"Si ungeniuliza kwanza?"

"Ungeniambia?"

Akafikiri. "Nisingekuambia," akasema, na hilo likamuuma Mhoja kuliko yote.

Mhoja akaenda kwa mkuu. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mhoja, mtuhumiwa amewapikia askari wangu, kisha akawaonyesha kidhibiti kwa mkono wake. Nikifiche wapi? Na ukizidi kumsemea, itabidi niulize kama na wewe ulijua."

Mhoja akapiga saluti. Kitu kingine cha kufanya hakukiona.

Mahakama ilitoa kifungo cha miezi sita na amri ya kuchoma wavu. Kusimamia moto akapangwa Mhoja, kwa kuwa jina lake ndilo lililofuata kwenye orodha ya zamu. Wale vijana kumi na wawili walisimama upande wa pili wa moshi. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Wiki iliyofuata kibali kikatoka, kimepigwa muhuri: mchumba hana kosa lolote, askari anaruhusiwa kuoa. Mhoja akakipeleka Mwaloni. Atieno akafuta mikono, akakisoma taratibu, akakikunja palepale kilipokuwa kimekunjwa, akamrudishia.

"Muhuri mzuri," akasema. "Nenda kamwoe aliyeupiga."

Akageukia mteja.

Iligharimu hivi. Wavu mmoja wa mita mia mbili, ambao uliwaka tangu saa nne mpaka saa sita. Kazi ya vijana kumi na wawili. Miezi sita ya mzee wa miaka sitini na moja. Uchumba wa miaka mitatu. Jogoo mmoja. Kibali Mhoja bado anacho, na hakina tarehe ya mwisho.