Mnyenyekevu wa Kwenye Bango

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayesifiwa kanisani lakini nyumbani hajui hata kuomba radhi, weka nguo chini, nenda ukae, usome haya.

Wangu ni fundi wa mafriji. Mkono wake una akili, hilo silikatai. Aliokoka akiwa mtu mzima mwenye mke, na nilishukuru kwa machozi kwa sababu aliacha pombe na akawa anarudi nyumbani mapema. Shida haikuwa wokovu. Shida ni kwamba anajua kuongea. Siku ya kwanza alipopewa nafasi ya kutoa ushuhuda, watu walilia mpaka wakasahau kusikiliza alichosema. Hapo hapo akawa anaongoza maombi, mara anafundisha vijana, mara yuko madhabahuni anahubiri. Mchungaji wetu alikuwa ameshazeeka, magoti yamemchoka, na wazee wa kanisa walikuwa na haraka kama watu wanaotafuta fundi huku bomba limepasuka.

Kwanza likabadilika jina. Nilimwita kama ninavyomwita tangu nimzae, akanyamaza kama hakusikia. Mkewe akaninong'oneza, "Mama, siku hizi anaitwa Mtumishi."

"Hata na mimi niliyemzaa?"

"Hata na mimi, mama. Hata chumbani."

Kisha wakaja wasaidizi wake wawili. Mmoja alimshikia Biblia, mwingine alimshikia leso ya kufutia jasho. Watu wazima kabisa, wana wake zao. Wakija kwangu walitangulia wao kuingia, wakakitazama kiti, wakakipangusa, ndipo yeye akakaa. Kiti changu mwenyewe, nilichokuwa nimekipangusa asubuhi. Siku moja nikamuuliza yule wa leso, "Baba, huyu atoke jasho gani hapa? Si amekuja kunywa chai?"

Akanijibu bila kucheka, "Mama, upako una joto."

Na kazi je? Jirani yangu muuza maziwa alimwita aje kumtazamia friji lake. Alikuja na wale wawili, hakuja na hata bisibisi. Akaweka mkono juu ya friji, akafumba macho, akaomba kwa sauti, akamwambia aamini tu. Maziwa yakachacha yote. Yule mama akanifuata nikiwa naanika nguo. "Dada, nisaidie kumwambia Mtumishi kwamba imani ninayo. Iliyokwisha ni gesi."

Nilidhani hapo atajifunza. Badala yake akaitisha Semina ya Unyenyekevu. Kwenye geti la kanisa likafungwa bango refu kuliko geti lenyewe, sura yake kuanzia juu mpaka chini, ameinua macho kama anasoma kitu kilichoandikwa mawinguni. Maneno yake: "Jifunze kunyenyekea kutoka kwa mnyenyekevu mwenyewe." Mchungaji mzee naye alikuwemo kwenye bango, huko pembeni, ukubwa wa stempu. Ndani ya semina mwanangu akasema, "Kwa unyenyekevu, sijaona wa kushindana na mimi." Watu wakaitikia amina. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Katika semina hiyo hiyo alisema Musa ndiye aliyejenga safina. Alirudia mara kadhaa, kwa nguvu, na leso ikafanya kazi. Nyumbani, mkewe alipokuwa anampakulia chakula, akamwambia taratibu, "Mtumishi, safina ilikuwa ya Nuhu." Alimwambia wakiwa wawili tu, ili asiaibike. Mwanangu akaweka kijiko chini. Akasema mke wake ametumiwa kuushambulia upako. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba dada huyu atapumzika kwaya mpaka roho yake itulie. Na mkwe wangu ameimba kwaya ile tangu mume wake akiwa bado anaimba baa.

Nilipomwona amekaa kiti cha nyuma kabisa, mikono mapajani, niliogopa. Yeye nilimhurumia, lakini niliyemwogopea ni mwanangu. Mtu ambaye mke wake haruhusiwi kumwambia safina ni ya Nuhu, siku akielekea shimoni nani atamwambia hapo mbele ni shimo?

Wazee wakakubaliana wamwekee mikono awe mchungaji kamili. Sasa kanisani kwetu kuna utaratibu. Kabla ya kuwekewa mikono, mtu mmoja wa nyumba yake husimama, akaulizwa mbele ya wote, "Je, nyumbani huyu hukubali kuambiwa anapokosea?" Tangu nianze kusali pale, watu wote hujibu neno moja, "Hukubali," wakakaa, kwaya ikapokea. Huulizwa mke. Kwa kuwa mke alikuwa amepumzishwa, wakasema asimame mama.

Mwanangu akaja kunifundisha jibu. "Mama, ni neno moja tu."

"Na kama si kweli?"

"Ah, mama, ule ni utaratibu tu."

"Kwa hiyo mbele za Mungu tunasema uongo kwa utaratibu?"

Akamtazama yule wa leso. Akafutwa uso.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikisema ukweli, nitamwaibisha mtoto wangu wa pekee. Nikisema lile neno lao, nitakuwa nimemkabidhi kanisa zima asikie makofi mpaka aharibike. Wewe ungefanyaje?

Jumapili ikafika. Viti vimevishwa vitambaa, yeye ndani ya joho jeupe linalometa. Mwenyekiti wa wazee akauliza swali lake, akanipa kipaza sauti huku anageukia kwaya.

"Baba mwenyekiti," nikasema, "huyu ni mwanangu, nampenda, na sina mwingine. Hakubali."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama yetu labda hakulisikia swali vizuri."

"Nimelisikia, baba. Ninyi ndio hamjazoea kulisikia jibu. Mkewe alimwambia safina ni ya Nuhu, akatolewa kwaya. Mkimwekea mikono leo, mnaepua chungu ambacho hata hakijachemka. Mwacheni kwanza aive."

Kwaya, iliyoambiwa iimbe nikimaliza tu, ikaanza kuimba "Tunashangilia," ikafika katikati, ikazimika sauti moja moja. Mchungaji mzee akainuka kwa shida, amejishikiza kwenye kiti. "Tuliuliza, tumejibiwa," akasema. "Mwenye haraka nilikuwa mimi. Tungoje." Akaagiza mkwe wangu arudi kwaya, na mwanangu akae na waumini wengine afundishwe. Mwanangu akavua joho, akampa yule wa Biblia, akatoka bila kunitazama.

Nilisemwa, mama mwenzangu. Kisimani, sokoni, kila mahali. "Mama gani anamzimia mwanawe nyota?" Mtoto naye hakukanyaga kwangu. Mkwe ndiye alikuwa anakuja kunipa habari: "Hali chakula vizuri, mama. Anakaa anautazama ukuta." Nililia, sitaficha. Ila sikuwahi kutamani kulirudisha neno langu.

Jioni moja ya mvua mwanangu akaingia, peke yake, akakaa. Nilikuwa namenya viazi.

"Nimekuja kukuarifu," akasema. "Wale ndugu wawili wananiambia nifungue kanisa langu. Wameshapata na ukumbi."

"Wa Biblia na wa leso?"

"Mama."

"Nauliza tu. Na huko atakayekuwa anakwambia hapana ni nani?"

Akafuta maji ya mvua usoni, kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, funga mlango kwanza. Mvua inaingia."

Akabaki amekaa. Akageuza shingo kutazama nyuma yake, kama mtu anayesubiri agizo lifanyiwe kazi. Hapakuwa na mtu. Mimi nikaendelea na viazi vyangu. Maji yakaingia taratibu mpaka karibu na viatu vyake, na bado tukawa tumekaa hivyo. Mwishowe akainuka, akaufunga, akarudi kukaa.

Ni mlango tu, usinipigie makofi. Na ule ukumbi hakusema ameukataa. Lakini baada ya muda akauliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aanze kuitwa Mtumishi, "Mama, kwani nimekosea wapi?"

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia avute kiti karibu, leo tutachelewa kula.