Kofia ya Ryoba wa Butiama

Hapa Mwisenge wananiita Hezron Makofia, na wakinicheka nawaacha. Mtu akikusanya ng'ombe anaitwa tajiri; mimi nimekusanya kofia za chuma za askari wa Mwingereza, thelathini na moja, naambiwa nimerogwa. Haya. Lakini niletee yoyote, nitakwambia ilikotoka. Ikiwa na vitundu vitatu nyuma ukingoni, imetengenezwa Afrika Kusini. Ikiwa imeshuka kufunika masikio kama gamba la kobe, ni ya mwishoni mwa vita. Na usithubutu kuisugua kwa brashi ya waya! Kutu naivumilia, mjinga mwenye brashi simvumilii.

Ile ya thelathini na moja niliipata Bunda mwaka jana, kwenye rundo la chuma chakavu. Ukingo mpana kama sahani, ngozi ya ndani imeoza yote. Nikaitundika sebuleni pamoja na wenzake. Wiki haikuisha nikaona jambo: kila siku saa saba mchana, jua likiwaka, ndani yake panalowa jasho. Zile thelathini kavu kabisa. Nikaifuta, nikaihamisha ukuta, nikalisingizia bati. Mke wangu Consolata alisema neno moja tu, "Irudishe," akawa anakula chakula chake cha mchana jikoni. Mimi mbishi, nilibaki nayo kofia yangu. Lakini niliogopa, sina haja ya kuficha.

Mwezi wa tatu akashuka kwenye bodaboda bibi mmoja mkondefu, fimbo mkononi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Wankyo, natoka Butiama. Nimekuja kumchukua baba."

Nikamkalisha, akaeleza. Baba yake, Ryoba, alienda vitani yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mdogo wake angali tumboni. Serikali ikaleta barua kwamba amekufa. Baada ya vita kwisha, mwaka arobaini na sita, askari mmoja alipita akaacha kofia: hii ya Ryoba. Mwili haukuwepo, basi wakaizika kofia. Mwaka jana wachimba dhahabu wakafukua kaburi lile, wakaiuza Bunda na vyuma vingine; muuza chakavu ndiye aliyemwelekeza kwangu.

"Tangu utotoni namwona," alisema. "Mimi peke yangu. Saa saba mchana, kichwa wazi, amesimama langoni. Namsalimia, hajibu. Tukasema ana hasira, labda hatukumzika vizuri. Tangu wamfukue, amesogea mpaka mlangoni kwangu."

Nywele zilinisimama. Saa saba!

"Daktari anasema moyo wangu umechoka," akaendelea. "Na kwa ukoo wetu, binti aliyeachana na mume akarudi nyumbani halazwi kaburini mpaka baba yake awe amelala. Acha alale, nami nipate pa kulala. Ndilo ninalotaka, hakuna lingine."

Nikaishusha. Akaipapasa ndani, kidole kikatua kwenye msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari. "Mama yangu aliuchora huu kabla hatujaizika," akasema, machozi yakamtoka.

Ningeishia hapo, ningekuwa mtu wa maana. Lakini mimi na ujuzi wangu! Nikachukua chaki, nikapaka chini ya ukingo, pale mtengenezaji anapogongaga herufi zake na mwaka. Chaki ikaingia, tarakimu zikajitokeza: 1942.

"Mama, barua ilisema alikufa lini?"

Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki. Alikufa 1941, Uhabeshi.

"Basi si yake," nikaropoka. "Baba yako anakufa, kofia hii ilikuwa haijatengenezwa."

Loo, ulimi wangu. Bibi akaikunja barua, akairudisha kwenye mfuko.

"Sasa miaka yote hii nimekuwa namwita nani baba?"

Pengine yule askari aliwaonea huruma, akawapa kofia ya rafiki yake mwingine aliyekufa. Nilijichukia kwa kweli. Ndipo nikapata wazo.

"Mama, ulikuwaga unamsalimia kwa lugha gani?"

"Kizanaki. Lugha gani tena?"

"Basi labda hana hasira. Labda hajui Kizanaki. Jeshini walitoka kila mahali, Nyasa, Uganda, Kenya. Kilichowaunganisha ni Kiswahili."

Alinitazama, akaanza kucheka, kisha akalia kwa sauti. "Yarabi! Mgeni siku ya tatu unampa jembe. Huyu amesimama miaka themanini, hata kiti hatujampa!"

"Na baba yako?"

"Baba yangu hajawahi kuja, mwanangu. Labda naye kasimama langoni kwa watu huko, wanamsemesha lugha yao." Akajifuta uso kwa kitenge. "Nafasi ya baba nampa huyu. Huko aliko baba, na wao wampe yake."

Jumamosi tuliizika Butiama. Wapwa zake walikuwa wamechimba upya, na hakuwaambia lolote, alijua wangekataa. Jua lilikuwa utosini. Kwao, mzaliwa wa kwanza ndiye humwita marehemu aingie, na watu wote walingoja jina la Ryoba, kwa Kizanaki.

Wankyo akainua fimbo kuelekea mlangoni kwake. Kwa Kiswahili, polepole, akasema, "Mwanangu, karibu nyumbani. Ingia ulale."

Wapwa wakatazamana. Babu anaitwa mwanangu, tena kwa Kiswahili? Kabla yeyote hajafungua mdomo, sauti ya kijana ikatoka mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Lafudhi yake sikuijua, si ya kwetu Mara.

"Ahsante, mama. Nimechoka kusimama."

Hakuna aliyekimbia. Wankyo alijishusha taratibu, akakaa chini kando ya kaburi, akanyoosha miguu yake.

"Hata mimi," akasema.