Mwaitu Anaposafiri

Mimi ni Ndila, na Ndila wa kwanza alikufa miaka ishirini na tano kabla sijazaliwa. Alikuwa mama yake baba. Kwetu Matinyani binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, na baba humwita mwaitu, yaani mama yangu. Kwa watu wengine hilo ni jina la mapenzi tu. Kwangu lilikuwa kazi, na nilianza kuifanya kabla sijaota meno.

Maana nilimfuata yule marehemu kwa kila kitu. Nilitembea kwa ncha za vidole, kama yeye. Sikumtazama mtu machoni. Nikipewa isyo nilitenga mahindi huku, maharagwe kule, na punje ikivuka mpaka sikuila. Ngoma ya kanisani ikipigwa nilijiziba masikio na kulia. Tumbo lilinisokota wiki nzima, na viungo vililegea hata bega likawa linateguka nikikunja blanketi. Mtoto mwingine angechapwa kwa visa hivyo. Mimi nilitengewa kigoda cha marehemu, na wazee walinisalimu kwa heshima huku wakikaa mbali. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi mwenyewe nataka nini, na hilo linanikasirisha mpaka leo.

Kisha kulikuwa na safari. Hivyo ndivyo walivyoiita. Pengine napepeta mtama, ghafla nasikia harufu ya mpira unaoungua, halafu naamka niko chini, nimejing'ata ulimi, na jamaa zangu wamesimama hatua kumi kutoka nilipolala. Shangazi Kalondu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyelinda amri hiyo.

"Mwaitu akisafiri asiguswe," alisema. "Ukimshika, atasahau njia ya kurudi."

Siku moja nilianguka karibu na moto. Walitazama mkono wangu wa kushoto ukiungua. Walikuwa wakilia, nakubali, lakini walitazama.

Ndila wa kwanza hakurudi. Alisafiri akiwa ndani ya kisima cha mchangani, kule mtoni, katika maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Baba alikuwa na miaka saba. Alitaka kuruka ndani, Shangazi Kalondu akamshika shati. Wakasubiri pale juu, watoto wawili, mpaka nzi wakaanza kuja. Hadithi hiyo ilisimuliwa mbele yangu tangu utotoni, na kila mara msimulizi alinigeukia katikati, kama anayetaka nimkumbushe kilichofuata.

Walisema siku ile marehemu alikuwa na shungi la mvi juu ya jicho la kushoto. Mwaka wa 1993 langu likatokea, palepale. Baba akaacha kula nikiwa karibu. Shangazi akaja kukaa kwetu na sanduku lake, bila kualikwa, akanunua shuka jeupe jipya. Kila asubuhi alilikunjua, akanipima kwa macho, akalikunja tena. Niliogopa, nasema wazi. Sikutaka kufa kifo cha mtu mwingine.

Nikaenda kliniki, peke yangu, kwa miguu. Palikuwa na daktari aliyekuja mara moja kwa mwezi, Mumbua, Mkamba mwenzangu aliyesomea ng'ambo. Aliponiona nimerudi nyuma hakunipa mkono, aliutia mfukoni, nikampenda hapo hapo. Alinihoji kwa miezi mitatu. Mwishowe akasema safari ni kifafa, na kina dawa. Yale mengine, ya macho na vidole na masikio na punje za isyo, akayaita otizimu. Siku hizi redioni wanasema usonji. Akasema ndivyo nilivyoumbwa, kwamba tumbo na viungo vyangu mara nyingi huandamana na hali hiyo, na kwamba mambo haya hupita katika damu. Nilikuwa na miaka arobaini.

"Basi nyanya yangu pia alikuwa hivi?"

"Inawezekana sana."

"Na kama wangemtoa majini, wakamlaza ubavu?"

"Angeamka," akasema.

Nilirudi nikawaambia vivyo hivyo, maana sijui kuzungusha maneno. "Baba, mama yako angeamka." Shangazi akanitukana. Baba akaenda kusimama nyuma ya ghala mpaka chakula kikapoa.

Nilimeza dawa miezi mitano bila safari hata moja. Oktoba kiangazi kikakaza, na dawa zikaisha kliniki. Siku ya sita bila kidonge nilienda kisimani saa sita mchana, saa isiyo na watu. Baba na shangazi wakanifuata, shangazi na mkongojo wake. Nilishuka ngazi za mchanga, tisa. Nilikuwa nachota kwa kata niliposikia harufu ya mpira.

Yaliyofuata niliambiwa na shangazi mwenyewe, na sijui kwa nini aliniambia. Nilianguka kifudifudi. Baba akataka kuruka ndani kutoka pale ukingoni. Shangazi akamshika shati kwa mkono uleule wa zamani.

"Wacha aende, Kivuva."

Na baba, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akajibu kwa sauti ya mtoto, "Niachilie, dada." Shati likapasuka. Shangazi aliponisimulia, kipande bado alikuwa nacho ngumini.

Niliamka nimelala ubavu kwenye ngazi ya chini, kichwa changu mapajani pa baba. Alikuwa amelowa, mikono yake imenizunguka. Mimi kuguswa ni kama kumwagiwa upupu, ngozi nzima inataka kukimbia. Alikuwa akinitazama usoni, lakini mtu aliyekuwa akimtazama hakuwa mimi.

"Mwaitu," akasema. "Nimekushika. Leo nimekushika."

Kila mtu Matinyani anajua siwezi kusema uongo. Hata mchungaji ameacha kuniuliza kama mahubiri yalikuwa mazuri. Na daktari alikuwa amenieleza mimi ni nani, nikaelewa vizuri sana. Sikuiondoa mikono ya baba.

"Umenishika, mwanangu," nikamjibu. Na sikuhisi kwamba nimedanganya.