Herufi Zenye Miiba

Saa tatu asubuhi, Alhamisi ya mwisho ya Januari, taa ilipowashwa nyuma ya kitambaa, herufi zilikonda.

Annina Thommen alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa karakana, akafumba jicho moja, akalifumbua. Juu ya meza, kabla ya taa, maneno mawili aliyoyapaka yalikuwa manene na meusi, yamesimama imara. Sasa mwanga ulikuwa umeyatafuna. Pembe zimeviringana, miguu ya M imebaki vijiti, na mtu aliyesimama mlangoni asingeweza kuapa kama anasoma neno au anaangalia uzio uliooza.

Kwa kazi yake ya kila siku Annina alikuwa mbunifu wa vitabu na lebo za dawa. Herufi alizijua: zilizolala kwenye karatasi, zikisomwa na mtu aliyekaa karibu na dirisha. Herufi za fanusi zilikuwa jambo lingine. Fanusi ya Fasnacht, kanivali ya kila mwaka, ni ndefu kuliko watu wawili waliobebana mabegani. Ni fremu ya mbao iliyovishwa kitambaa kilichopakwa rangi, taa ziko tumboni mwake, na wanaume wanne wanaibeba mabegani Jumatatu ya ufunguzi saa kumi alfajiri, mji wa Basel unapozima taa zake zote kwa pamoja. Isiposomeka wakati huo, haitasomeka tena, maana hakuna wa kuingoja.

Kundi lake la wapiga ngoma na filimbi, Vyura Wakavu, lilichorewa fanusi na Röbi Gysin kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka bega la mzee huyo likakataa kuinuka. Msimu wa majani kupukutika, kikao kikampa Annina kazi hiyo. Mwenyekiti, Dölf Buser, fundi bomba mwenye sauti ya kupasua sufuria, alimpa na neno la kwenda nalo.

"Binti, mwezi wa kwanza ukiisha hujanionyesha kitu kinachosomeka, namrudishia Röbi. Atapaka kwa mkono wa kushoto, na itasomeka."

Mada ya mwaka huo ilikuwa mabenchi mapya ya kando ya mto, ambayo halmashauri ilikuwa imeyaweka membamba na kuyalaza upande, hata aliyejaribu kuketi aliteleza akajikuta wima. Mbele ya fanusi ilipaswa kuandikwa SIMAMA UKAE. Mada ya kundi haijulikani kwa mtu wa nje mpaka fanusi itoke.

Annina alizima taa, akamimina kahawa, akakata kipande cha mkate wa jira, akafungua kompyuta.

Kwa muda mrefu mtandao ulimpa takataka: maua ya harusi yanayowaka, mabango ya baa, mafundi wanaouza kozi za kuwa fundi. Kisha akampata bwana mmoja wa Łódź anayepiga picha mabango ya sinema zilizofungwa, herufi moja moja, kama daktari anavyopiga picha meno. Annina akaacha kutafuna. Bwana huyo alikuwa amemsifu mama mmoja wa Porto anayechora upya namba za nyumba alizozikuta kwenye vigae. Saba yake ilikuwa na shingo ambayo Annina hakuwahi kuiona, akajikuta anaichora pembeni mwa gazeti. Kazi moja ilimpeleka kwenye nyingine. Mkate ulikauka. Alisahau kwamba alikuwa ameingia kutafuta jibu, akawa anatazama tu, haraka, kwa mashaka ya mtu anayehofu kwamba meza itaondolewa kabla hajashiba. Watu hawa wote walikuwa hai, wanafanya kazi asubuhi hiyohiyo, na yeye alikuwa amekaa miaka kumi na miwili katika fani bila kuyajua majina yao.

Chini ya ukurasa wa yule mama wa Porto palikuwa na jina: Tuva Hallgren, Göteborg.

Tuva huyo alibuni herufi za vituo vya vivuko, mabango yanayowaka kwa ndani na kusomwa na abiria aliye majini kwenye ukungu. Kila herufi aliiweka katika picha mbili. Katika ya kwanza, taa imezimwa, herufi ilikuwa mbaya, hakuna neno lingine. Ilikuwa na tumbo kubwa, na kwenye kila pembe imeota mwiba mdogo uliochongoka kwenda nje. Katika ya pili, taa imewashwa, miiba haikuwepo. Herufi ilikuwa imenyooka, pembe kali, kana kwamba imekatwa kwa kisu. Maelezo yalikuwa mafupi: mwanga hula pembe kwanza, basi upe pembe za kula.

Annina alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Upe pembe za kula," alisema, ingawa karakanani hamkuwa na mtu.

Kabla ya saa sita alikuwa amepaka kitambaa kipya, maneno yaleyale na mguu wa benchi chini yake. Aliongeza unene wa miguu, akaotesha miiba, akaona aibu kuitazama, akawasha taa. Kisha akampigia Röbi simu.

"Mzee, njoo karakanani."

"Kuna nini? Moto?"

"Kuna M, mzee. Imesimama kwa miguu yake yote!"

"Umekunywa?"

"Kahawa tu. Njoo uone mwenyewe."

Röbi alikuja na baiskeli, akasimama mlangoni na kofia yake kichwani, akatazama. Hakusifu, kusifu hakukuwa katika desturi zake. Aliuzima ule mwanga, akaisogelea miiba, akaigusa kwa kidole, akauwasha tena.

"Mimi nilikuwa nanenepesha tu," alisema. "Hii sikuifikiria. Nani huyu?"

"Mswidi mmoja. Nimempata mtandaoni."

"Mwandikie basi. Mtu akikulisha, unasema asante."

Annina akaandika. Aliandika barua ndefu kuliko ilivyohitajika, na Tuva akajibu papo hapo: hakuwahi kufikiri kwamba herufi zake zingepakwa kwa brashi juu ya kitambaa, zikiwa juu ya mabega ya watu, je, angeweza kuona? Annina akapiga picha, akaituma. Hakuandika kwamba asimwonyeshe mtu. Katika Basel hakuna anayeandika hivyo. Kumwambia mtu mzima afiche fanusi ya kundi kabla ya Fasnacht ni kama kumwambia afunge mlango wa choo. Halikumjia hata kichwani.

Ijumaa mchana, akiwa kazini, simu ililia.

"Annina."

"Naam, Dölf."

"Mke wangu yuko hapa anakula supu. Anakula supu, na huku ananionyesha fanusi yetu."

"Ipi?"

"Unauliza ipi? Tuna ngapi? Hii ya kwenye simu yake! Simama ukae, na mguu wa benchi chini yake. Watu elfu arobaini wanamfuata huyo mwanamke wako, Annina. Sisi wenyewe hatufiki sitini!"

Ilikuwa kweli. Tuva alikuwa ameiweka picha hadharani asubuhi, na maneno matamu juu yake: tazameni mwenzetu wa Basel anavyofanya. Annina aliyasoma yale maneno mara mbili, na hakuweza kukana kwamba yalimpendeza. Akaandika kwamba picha iondolewe upesi, ni siri. Iliondolewa dakika ileile.

"Nisamehe, dada, sikujua," Tuva aliandika. "Kwetu kazi nzuri huonyeshwa."

"Kwetu pia," Annina alijibu. "Jumatatu moja, saa kumi alfajiri."

Kabla picha haijaondolewa alikuwa amepitia yote yaliyoandikwa chini yake. Walikuwa watu wa Oslo, wa Lyon, wa kwingineko, wanazungumzia miiba. Mmoja tu alikuwa na picha ya ngoma ya Basel pembeni ya jina, na alikuwa ameandika: "Hahaa! Mabenchi!" Jina lilikuwa Lüdin. Annina alimjua kwa sura: mpiga ngoma wa kundi la mtaa wa pili, watani wao wa miaka mingi, mwenye duka la miwani.

Dölf alipiga tena jioni. "Kikao kesho usiku. Mada hatuwezi kubadilisha, nguo za wote zimeshashonwa. Mpakaji rangi tunaweza kumbadilisha. Nimeshaongea na Röbi."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Lakini brashi anazo."

Annina hakulala sana. Kukasirikiwa alikuweza, kundi linalokasirika husahau baada ya supu ya tatu. Alilokuwa hawezi ni kumwona mtu mwingine akipanda ngazi ile, sasa, wakati yeye amejua jinsi ya kuifanya M isimame. Na kulikuwa na jambo moja ambalo Dölf alikuwa anakisia tu, kwamba watani wameshaijua mada, nalo lingeweza kuulizwa.

Jumamosi asubuhi aliingia katika duka la miwani. Lüdin alikuwa amemkalisha bibi mmoja mbele ya chati ya herufi.

"Karibu, dada. Huoni vizuri?"

"Naona vizuri sana. Nimekuja kuuliza wewe umeona nini."

"Ahaa. Chura." Alicheka, akabadilisha lenzi. "Mama, soma mstari wa tatu. Mimi nimeona Waswidi wana furaha, dada. Waliwahi kufurahi lini tena?"

"Umewaambia wenzako?"

Lüdin aliiweka lenzi mezani, na utani ukamtoka usoni.

"Unanionaje? Nikiwapelekea wenzangu mada ya Vyura, hawafukuzi Vyura, wananifukuza mimi. Niliandika lile neno kwa ujinga, nikalifuta kabla picha haijaondolewa. Ngoma yangu imefunga mdomo. Mwambie Buser hivyo, na umwambie bado namdai bomba la bafuni lisilovuja."

"Hiyo ni F?" bibi akauliza.

"Ni E, mama. Subiri." Akainama kuelekea kwa Annina, na sauti ikashuka. "Lakini zile pembe. Mwanga na macho ndiyo kazi yangu, na mwaka hadi mwaka nawaambia wetu kwamba fanusi yetu ni uji. Nani kabuni?"

Annina aliitazama chati ya herufi. "Tuva Hallgren, wa Göteborg. Utamwona mwenyewe, yuko wazi kwa kila mtu."

"Andika jina," alisema Lüdin, akimpa kalamu.

Usiku, chini ya ardhi, katika chumba cha Vyura Wakavu, palinuka supu ya unga na makoti yaliyonyeshewa. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Dölf aliieleza kesi yote akiwa wima, bila kuongeza chumvi, kisha akamgeukia Annina.

"Sema."

"Picha iliwekwa mtandaoni na mtu asiyejua desturi, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Ilikaa kuanzia asubuhi hadi mchana. Mtu mmoja wa Basel aliitambua akaandika. Nimemwona leo. Hajasema, na hatasema."

"Lüdin?" sauti ikatoka nyuma. "Yule hasemi hata bei ya miwani!"

"Na walioiona wasiandike?" Dölf aliuliza.

"Hao siwajui."

Watu walitazamana. Walikuwa wametarajia ajitetee.

"Na jambo moja zaidi," Annina akaendelea. "Ameniuliza jina la mbunifu. Nimempa."

"Umempa!" Dölf alipiga meza, vijiko vikaruka. "Umempa silaha mtani!"

"Iko mtandaoni, Dölf. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Basi tupige kura. Nani anataka Röbi arudi—"

"Kabla hujaniuza," alisema Röbi kutoka pembeni, "niulize kama nimejipanga sokoni."

Watu walicheka. Mzee alikuwa ameleta vitambaa viwili vilivyokunjwa chini ya kwapa, cha Alhamisi asubuhi na cha Alhamisi mchana. Alivitundika kwenye kamba, akaweka taa nyuma ya cha kwanza, akaagiza taa za chumba zizimwe. Kisha akapanda ngazi, akipita kati ya magoti ya watu, mpaka juu kabisa karibu na mlango wa mtaani, akavua miwani.

"Cha kwanza," alisema. "Sioni kitu. Madoa. Cha pili."

Annina alisogeza taa.

"Simama ukae," Röbi alisoma bila kusita.

"Amua moja, mzee!" mtu akapaza sauti gizani, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Wa meza za nyuma walikuwa wanasoma kwa sauti, wakarudia, akimaliza mmoja anaanza mwingine. Mpiga filimbi mmoja alisogea akaweka pua karibu na kitambaa, akaiona miiba, akalaani kwa furaha, akawaita wenzake waje kutazama ubaya ule.

"Kaeni!" Dölf alinguruma. "Kura haijapigwa! Nani anataka Thommen aendelee?"

Hakuna aliyewasha taa. Mikono iliinuka mbele ya kitambaa, vivuli juu ya herufi, na Dölf akahesabu vivuli. Alihesabu mara ya pili, maana baadhi ya watu walikuwa wameinua yote miwili. Kisha akainua wa kwake.

"Anapaka Thommen," alisema. "Na yule Mswidi apelekewe mwaliko. Aje aone kwa macho yake, na aje bila simu."

Jumapili asubuhi karakanani kitambaa cha fanusi kilikuwa kimevutwa juu ya fremu. Röbi alishika ngazi. Annina alipanda, akachovya brashi, akapaka S ya kwanza, tumbo nene, na mwiba kwenye kila ncha.