Mgeni wa Sita Ndani ya Kokwa

Mei, bintiye Mzee Kwan, alinipa masharti mawili tu: nimpe baba yake dawa saa sita mchana, na mzee akishika kisu nifunge mdomo. La dawa niliweza.

Mzee Kwan ni fundi wa kuchonga kokwa za zeituni za kwao China. Kokwa yenyewe haifiki urefu wa kidole changu cha mwisho, lakini humo anatoa mashua nzima, na madirisha yanafunguka. Wiki hiyo alikuwa anamalizia mashua ya harusi ya mjukuu wake: bibi harusi, bwana harusi na wageni sita. Harusi Jumamosi, mji wa Carrollton. Jumatatu yake mzee apasuliwe macho, na daktari hakuahidi kitu. Huenda ndiyo kokwa yake ya mwisho.

Mimi sasa! Kwangu hapa ughaibuni, mtaa wa Sharpstown, watu hawakauki, na nikinyamaza dakika tano majirani wanakuja kuuliza nani kafa. Siku hiyo ya Alhamisi nilikaa saa nzima mikono mapajani, kama mtoto wa kipaimara. Nikajisifu moyoni: Yasinta, umekua.

Simu ikatetemeka. Joyceline, shoga yangu wa Richardson. Nikapokea. Kusikiliza si kusema, au siyo?

"Umekaa?"

"Nimekaa," nikanong'ona. "Sema upesi, niko kazini."

"Leonce kaposa."

"Kamposa nani?"

"Prudensia!"

Prudensia! Aliyeapa mezani kwangu, mdomo umejaa pilau yangu, kwamba Leonce hamtaki hata kwa dawa! Na niliyewakutanisha ni mimi. Kigelegele kilinitoka chote, kile cha ukumbini.

Kisu kikateleza.

Nikasogea kuchungulia kwenye lenzi yake ya kukuzia. Mgeni wa sita, mama mnene aliyekaa nyuma ya mashua, hakuwa na tabasamu tena. Mahali pa mdomo palikuwa na shimo.

"Mzee wangu, nisamehe," nikasema kwa Kiswahili kitupu, Kiingereza kilishanikimbia. Nikajua kazi nimeipoteza, na babu wa watu anakwenda harusini mikono mitupu kwa sababu ya umbea.

Mzee akalitazama shimo. Akanitazama mimi, mdomo wangu bado wazi. Akachukua kisu kidogo kuliko vyote, akaniashiria: kaa hivyohivyo.

Nilikaa hivyo mpaka taya likafa ganzi. Akachonga midomo, akatia ulimi, kisha, mzee ana dharau huyu, akaongeza kilemba kama changu.

"Basi," akasema. Ni neno pekee la Kiswahili analolijua. Huwa ananisikia nikilisema kwenye simu, halafu naendelea nusu saa.

Harusini, nilikokwenda na mzee, mashua ilizunguka meza zote pamoja na lenzi. Kila aliyechungulia aliuliza huyu anayepiga kelele ni nani, na mzee akaninyooshea kijiti chake cha kulia chakula. Ukumbi mzima ukageuka. Mei naye akaja mezani kwangu, uso mkavu. Nikaweka uma chini.

"Jumatatu hospitali atafungwa bandeji machoni," akasema. "Anataka ukae naye. Anasema siku hiyo uongee."

Nikamwuliza kama naruhusiwa kuja na Joyceline.