Kibendera Nyuma ya Tuta

Vumbi la mchanga lilisimama kwenye mwanga wa asubuhi, jembamba, la dhahabu, likakawia kutua. Mtunza nyasi aliburuta reki katikati yake, akakohoa, akajicheka. Miaka kumi na miwili amelichana shimo lile la mchanga kama mama anavyomchana mwanawe nywele, na leo, loo, alikuwa analiaga.

Baba yake ndiye aliyelichimba, enzi zake za kutunza uwanja huo wa gofu, kabla macho yake hayajazimika. Alilichimba kwa sururu, katikati kabisa ya njia ya saba, pale pale kila mchezaji anapopenda mpira wake utue. Watu walisema mzee amepagawa. Kulia kwa shimo kuna nafasi tele, unapita huku unapiga mluzi. Kushoto kuna ujia mwembamba, na ubavuni mwake kijito kinachomeza mipira bila hata asante. "Mchanga unauliza tu, mwanangu," baba alikuwa akimwambia. "Utapita wapi?"

Utapita wapi? Sasa kamati ilikuwa imechoka kuulizwa. Jumatatu trekta lingekuja kulifukia, maana, alisema mwenyekiti, linasumbua watu bila faida. Na uchungu wenyewe ndio huu: mwenyekiti hakukosea. Aliyekosea ni yeye, binti wa mzee.

Yeye ndiye anayekata kila asubuhi kitundu cha kibendera, kule mwisho wa njia, kwenye zulia la nyasi fupi. Baba alipenda kukiweka nyuma, upande wa kulia, kikijificha nyuma ya tuta. Aliyepita kulia kwa raha zake alikuta tuta limemzibia njia. Aliyethubutu kushoto alifunguliwa mlango, na mteremko ukamsindikizia mpira hadi kitunduni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Lakini wachezaji walinung'unika, naye ana moyo laini, basi akakisogeza kibendera katikati, panapofikika kutoka kokote. Miaka mitatu. Hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kwenda kushoto, na shimo la baba likageuka kero.

Ewe mchanga, alisema moyoni, nisamehe. Nilikuziba mdomo kwa wema.

Asubuhi ile akakirudisha kibendera nyuma ya tuta.

Mwenyekiti alikuja na rafiki yake, daktari wa meno. Mwenyekiti alipita kulia, kama kawaida yake, akapiga pigo safi kabisa. Mpira ukaparamia tuta, ukasita, ukarudi miguuni mwake kama mbwa aliyefukuzwa. Daktari mpira ulimponyoka ukaangukia kushoto, bahati tu. Akaugusa taratibu. Ukajongea, ukajongea, ukakaa hatua moja na kitundu.

"Wee! Umepita wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto si kuna maji!"

"Na njia ipo."

Wakabishana mpaka mishipa ikawatoka. Kisha mwenyekiti akamgeukia mtunza nyasi, aliyekuwa ameegemea reki yake kando.

"Binti, nani kakiweka kibendera huku?"

"Mimi, mzee. Ndipo mahali pake."

Mwenyekiti akatazama nyuma: tuta, kijito, shimo. Akatazama tena, polepole. "Kumbe," alisema. Halafu, mtu mzima na mvi zake, akarudi mwanzo wa njia kupiga upya, kushoto. Alizamisha mipira miwili kijitoni huku akicheka peke yake. Ya trekta aliyamaliza kwa neno moja: "Lisije."

Nyumba ya binti na baba yake iko kando ya barabara wanayorudia wachezaji. Jioni baba alikuwa amekaa kizingitini, macho yake yaliyozimika yakielekea barabarani. Binti akapiga magoti.

"Baba, nilikukosea. Miaka mitatu nilikuwa nakiweka kibendera katikati."

"Najua, mama. Miaka mitatu watu wamepita hapa wakilalamika tu." Akatabasamu. "Leo nimewasikia wakibishana. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi kona ile! Ahsante."

Ahsante ni yako, baba, alitaka kusema, wewe uliyenifundisha kuulizwa. Badala yake akainama kukunjua pindo za suruali yake, na mchanga wa kutwa ukamwagika. Vumbi likasimama kwenye mwanga wa jioni, jembamba, la dhahabu. Baba hakuliona. Alikinga kiganja, na likatua humo.